Ardhi Chukua, Michikichi Niachie

Mwalimu mstaafu mmoja wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, ambaye simtaji jina kwa sababu hesabu yake ya fedha haijafungwa, alinigongea mlango Jumamosi asubuhi akiwa na daftari mkononi na mabuti ya shambani miguuni. Kiinua mgongo kimetoka. Nyumba anayo, watoto wamekwisha kusoma, na kama wastaafu wengi wa mji huu hakutaka fedha zikae benki zikipungua thamani wakati ardhi ya upande wa Simbo bado inapatikana. Shamba alikuwa amelipata: ekari nne, maji hayako mbali, bajaji inafika hadi karibu. Bei ilikuwa chini kuliko alivyotarajia, na hiyo bei nzuri ndiyo iliyomnyima usingizi hadi akanifuata twende wote.

Siri ya bei tuliambiwa na mwenye shamba mwenyewe, mzee mpole aliyetukaribisha barazani kwake, akatuuliza habari za mjini, akatuulizia hali ya bei ya mawese sokoni Mwanga, ndipo akaingia kwenye jambo.

“Mwalimu, ardhi chukua. Lima mihogo, lima maharage, jenga ukitaka. Michikichi niachie. Na ile mininga miwili ya bondeni ni yangu, na mikaratusi ya mpakani ni yangu mpaka nitakapoikata.”

“Utaikata lini, mzee wangu?”

“Nitakapoikata.”

Mwalimu akaandika kwenye daftari lake neno “nitakapoikata”, akalipigia mstari mara mbili.

Msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam atashangaa: mtu anauzaje shamba akabaki na miti iliyomo? Msomaji wa Kigoma hashangai sana. Huku mchikichi ni mali inayojitegemea. Mkungu mmoja unatoa chikichi za kukamua mawese, mbegu yake inapasuliwa ikatoka mise, mise nayo ina mafuta yake, na yanayobaki yanaingia kwenye sabuni au kwenye moto wa jikoni. Mti wa namna hiyo, unaozaa miaka na miaka bila kupaliliwa sana, ni akaunti ya mzee. Wapo wanaokodisha michikichi yao kwa msimu bila kukodisha ardhi iliyo chini yake. Wapo wanaoiweka rehani wakati wa ugonjwa au ada. Baba akifariki, watoto wanaweza kugawana mitano huyu, sita yule, na hakuna anayeulizia ekari mpaka aje mtu wa mjini na futi ya kupimia. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa mjanja wala tapeli. Alikuwa anauza kitu kimoja kati ya viwili alivyonavyo, na bei aliyotaja ilikuwa ya hicho kimoja.

Shida ni kwamba mchikichi hauelei hewani.

Na kuna kichekesho cha kihistoria ndani yake. Kwa miaka mingi ya nchi hii, kilichokuwa kikiuzwa kihalali ni miti. Ardhi yenyewe haikuwa na bei. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika waraka wa “Mali ya Taifa” akieleza kwamba ardhi ni ya wote, na mtu anachomiliki ni kile alichokiongeza juu yake kwa jasho lake. Fikra hiyo ndiyo iliyotawala. Mtu akiuza shamba, kwa maneno ya kiserikali alikuwa anauza maendelezo: nyumba, kisima, migomba, michikichi. Ardhi tupu ilihesabika haina thamani, ingawa kila dalali alijua bei yake. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ndizo zilizotamka kwamba ardhi ina thamani na thamani hiyo izingatiwe katika miamala, huku ikibaki mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hivyo mzee anayesema leo “ardhi chukua, miti niachie” angekuwa, kwa hesabu za miaka ya sabini, anauza hewa na kubaki na mali yote. Nilimweleza mwalimu hilo njiani. Hakucheka.

Sheria hizo za 1999 zina jambo jingine ambalo madalali hawalisemi, labda kwa kuwa halina asilimia. Zinaiangalia miti kwa macho mawili. Kinachoota chenyewe juu ya ardhi kinahesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Kilichopandwa kwa gharama na nguvu za mtu kinaingia kwenye maendelezo yake. Sasa tazama shamba letu. Mikaratusi ilipandwa na mzee, kila mtu kijijini anakumbuka. Michikichi mingine aliipanda, mingine aliirithi, mingine iliota tu kutokana na chikichi zilizodondoka. Mininga miwili ya bondeni haikupandwa na mtu yeyote. Ilikuwapo kabla ya babu yake kufika. Neno “miti yangu”, lililotoka mdomoni mwake kama kitu kimoja, lilikuwa na mali za aina tatu ndani yake.

Mninga ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu kuna mwenye kauli wa tatu ambaye hakuwepo barazani. Mninga ni mti wa thamani, na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 pamoja na kanuni zake haimwachii mwenye shamba auangushe siku anayojisikia. Kibali kinatakiwa. Kuna maofisa misitu wa wilaya, kuna Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuna ushuru, kuna nyundo ya kugonga alama kwenye gogo na kibali kingine cha kusafirisha. Gogo lisilo na alama likikamatwa barabarani halina wakili. Kwa hiyo mzee anapojiwekea mininga miwili anajiwekea haki ya kwenda kuomba ruhusa, na siku atakayoiangusha bila ruhusa, watakaofika watakuta kisiki kwenye shamba la mwalimu. Mwalimu atakuwa na kazi ya kueleza kwamba kisiki ni chake lakini mti haukuwa wake. Sidhani kama kuna ofisa atakayeisikiliza sentensi hiyo hadi mwisho.

Mkaratusi una ugomvi wa namna yake. Ukiukata haufi. Kisiki kinachipua, machipukizi yanakuwa nguzo, nguzo zinakatwa, kisiki kinachipua tena. Mzee alisema mikaratusi ni yake mpaka atakapoikata. Je, machipukizi? Kwa mwalimu, siku ya shoka ndiyo siku ya mwisho. Kwa mzee, nadhani, shoka ni mavuno kama mavuno ya mihogo, na shina halijahama. Hakuna kati yao anayesema uongo. Lakini baada ya miaka minane au kumi, vijana wa mzee watakapokuja na msumeno kwa mara ya pili, kila mmoja atakuwa ameshika ukweli wake, na mwenye kuamua atakuwa mtu ambaye hakuwepo siku ya maneno.

Mchikichi ni kinyume. Ukiukata juu umekufa, hauchipui. Ila unazaa chini yake. Ndege, nyani na mvua wanasambaza mbegu, na miche inaota mita moja kutoka shinani au mita hamsini. Mche ulioota mwaka mmoja baada ya mauzo, kutokana na chikichi ya mti wa mzee, kwenye udongo wa mwalimu, ni wa nani? Niliuliza swali hili kwa watu watatu hapa Mwanga, na nikapata majibu manne.

Si sisi wa kwanza kukwama hapa. Visiwani Zanzibar mti na ardhi vimetenganishwa tangu zamani kwa mila na kwa sheria ya Kiislamu: mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu na udongo ukawa wa mwingine, mti ukauzwa, ukarithiwa, ukawekwa rehani. Serikali ya huko hadi leo hukodisha mikarafuu yake kwa wachumaji msimu wa karafuu unapofika. Lakini Wazanzibari wana kawaida inayoonyesha kwamba wanaijua hatari yake: anayepewa ardhi ya kulima tu haruhusiwi kupanda miti ya kudumu. Analima muhogo na mboga. Akipanda mnazi, ametia mguu. Mwambao wa Kenya nako wenye mashamba waliwazuia wapangaji wao kupanda minazi na miembe kwa sababu hiyohiyo. Watu wa pwani walielewa mapema kwamba mti ni madai yenye mizizi.

Nyanda za Juu Kusini, Mufindi na Njombe, biashara imekwenda upande mwingine. Kule watu wananunua misindano ikiwa imesimama: mnunuzi wa mbao analipia miti, si ardhi, anaikata, anaondoka, mwenye shamba anabaki na visiki. Wengine wanauza ardhi pamoja na miti, wengine wanakodi ardhi kwa miaka ya kukuza miti tu. Ugomvi haukosekani, lakini mti wa mbao una fadhila moja: una siku ya kufa. Msindano wa miaka kumi na minane au ishirini unakatwa na hadithi inaisha. Marekani pia, kwenye majimbo yao ya kusini yenye misitu ya misindano, mtu anaweza kuuza ardhi akabaki na mbao, au kuuza mbao akabaki na ardhi, na hati zao huwa na tarehe ya mwisho ya kukata. Tarehe ikipita, mti uliosimama kwa kawaida ni wa mwenye ardhi. Hati isipotaja tarehe, mahakama zao huulizana muda gani ni wa kiasi, na mawakili wanapata ada.

Mchikichi haukatwi ili uvunwe, na hapo ndipo mfano wa mbao unapogoma. Mzee anapojiwekea msindano, anajiwekea siku moja ya kazi na lori moja. Anapojiwekea mchikichi, anajiwekea ziara. Mkwezi anakuja na kamba na panga. Mikungu inaangushwa, juu ya maharage kama yapo. Mabinti wanakuja kuokota chikichi zilizotawanyika. Makuti makavu yanakatwa na kuachwa pale yalipoangukia. Wiki chache baadaye wanarudi. Mwalimu, aliyedhani anajinunulia upweke wa uzeeni, atakuwa amenunua njia ya watu wengine, na hata fundi akija kuweka uzio atauliza geti likae wapi.

Halafu kuna moto. Vijiji vyetu husafisha mashamba kwa moto, ukipenda usipende. Mwalimu akichoma majani ya shamba lake na moto ukaunguza michikichi sita ya mzee, amechoma mali ya mtu. Kuna kivuli, ambacho kinakua kila mwaka ilhali bei ililipwa mara moja. Na kuna fidia. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tangu hapo kila mwenye ekari mkoani humu anaota mthamini akija na rangi nyekundu. Mthamini wa fidia anahesabu ardhi na anahesabu mazao na miti iliyo juu yake. Anayeandikwa kwenye fomu ni nani, kama karatasi ya mauziano haisemi kitu kuhusu miti? Hapo ndipo watu waliosali msikiti mmoja miaka thelathini wanapoanza kusalimiana kwa mbali.

Mwalimu alikuwa na sababu nyingine ya kutoitaka miti hiyo, ambayo hakumwambia mzee siku ile. Alitaka kupanda michikichi mipya. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alipokuja Kigoma mwaka 2018 na kulivalia njuga zao hili, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu ya tenera, chotara wa dura na pisifera, yenye nyama nene na kokwa la ganda jembamba, inayotoa mafuta mara mbili na zaidi ya dura wetu wa asili. Michikichi ya mzee ni dura, mirefu kiasi kwamba ukitazama juu kofia inaanguka. Mchikichi mchanga unataka jua. Ukiupanda chini ya dura mzee umeufunga gerezani. Kwa hiyo “niachie michikichi yangu” ilikuwa na maana pana kuliko mzee alivyodhani: ilikuwa inaamua mwalimu apande nini na wapi, kwa miaka ambayo hakuna aliyeitaja.

Hapo mwalimu alifungua daftari, akafanya hesabu ya kialimu. Michikichi hupandwa kwa nafasi ya mita tisa, na kwa mpangilio wa pembetatu inaingia kama 143 kwenye hekta, yaani hamsini na kitu kwa ekari. Mzee ana michikichi 41. Ingekuwa imesimama pamoja kwa mpangilio, isingemaliza ekari moja. Lakini imetawanyika kama mbuzi, na kwa kutawanyika huko imeshika ekari zote nne. Nilipoiona hesabu ile nikajua mazungumzo yanaweza kuokolewa, kwa sababu tulipozunguka shamba tuliona kitu ambacho barazani hakikuonekana: michikichi 23 imesongamana kule bondeni, karibu na mininga, na 18 tu ndiyo iliyosambaa juu.

Maoni yangu, na niliyasema mbele ya wote wawili: kama unaweza kuukata mti pamoja na udongo wake, ukate. Mzee abaki na kile kipande cha bondeni, kiwe chake kabisa, kipandwe minyaa mpakani, mwalimu anunue kilichobaki. Haki ya mti iliyo juu ya ardhi ya mwingine ni haki halali ikiandikwa vizuri, sibishi, lakini inadai kumbukumbu, na kumbukumbu za watu huzikwa nao. Mzee huyu hatagombana na mwalimu. Niliwaona walivyokuwa wakipeana ugoro. Wajukuu wao ndio watakaogombana, mmoja akiwa Mwanza na mwingine Dar, kila mmoja akiwa na picha ya karatasi kwenye simu.

Kwa ile 18 ya juu, mzee aling’ang’ania. Alikuwa na sababu, na aliitoa kwa sauti ndogo: mawese ya michikichi ile ndiyo chumvi na sabuni ya mkewe, na anauza shamba kwa ajili ya matibabu yake. Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Miaka mitatu inatosha, mzee wangu?” Mzee akasema mitano. Wakaafikiana minne, ihesabiwe kuanzia masika yajayo, na mti wowote utakaosimama baada ya hapo ni wa mwalimu, aukate au auache. Mkwezi atapita njia ya upande wa mashariki. Mwalimu hatachoma moto karibu na shina. Mikaratusi itakatwa mara moja, ndani ya mwaka mmoja, na visiki ni vya mwalimu na chochote kitakachotoka humo. Fidia ikija ndani ya miaka ile minne, ya miti 18 ni ya mzee, ya ardhi ni ya mwalimu.

Mke wa mzee tulimwita asikie, na nasisitiza hilo kwa wanunuzi wengine, kwa sababu mara nyingi mwenye michikichi kwa kazi ni mama, hata kama mwenye jina ni baba. Aliuliza swali moja ambalo wanaume watatu hatukulifikiria: akifa yeye kabla ya miaka minne, binti yake ataendelea kuokota? Likaandikwa: ndiyo.

Makaratasi ya mauziano ya kienyeji husema shamba limeuzwa “pamoja na vyote vilivyomo”, au hayasemi kitu. Kwenye ardhi ya kijiji muamala ni lazima upite halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili chini ya mwembe haitoshi. Halmashauri ikiridhia, muhtasari wa kikao ukaandikwa, na masharti ya miti yakaingizwa mle ndani ya muhtasari pamoja na mkataba, mnunuzi wa baadaye atayakuta. Yakibaki kwenye karatasi ya pembeni ya watu wawili, mwalimu akiuza kesho, huyo wa tatu atasema hajui. Na kesi ikizuka, safari ni ndefu: tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na wasipopatana wanapanda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kuna mtego mwingine: madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, madai ya mkataba miaka 6. Mti uliobakizwa kwa mkataba kwenye ardhi ya mtu, utaliweka dai lake kapu lipi? Wanasheria watakula.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na mtendaji wa kijiji kuhesabu. Mtendaji alikuwa na kopo la rangi nyeupe, kijana wa mzee alikuwa na brashi, na kila mchikichi wa juu ulipewa namba kifuani. Wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na nane. Jua lilikuwa limeanza kupinda kuelekea ziwani tulipomaliza, na mwalimu alikuwa ameshafunga daftari lake.

Kijana akasimama mbele ya mche mdogo, wa magotini, ulioota katikati ya mihogo, mbali na mti wowote.

“Na huu?”

Mzee akautazama. Mwalimu akautazama. Mtendaji akatazama kopo la rangi.

“Huo ameupanda ndege,” mzee akasema.

“Ndege wa nani?” akauliza mwalimu, akafungua tena daftari.